Kinanda Kipya, Mtihani Mpya

Kinanda hakizeeki kwa kupigwa. Huzeeka siku kiwanda kinapotangaza mdogo wake. Jambo hili ni gumu kumweleza mtu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, ambako baiskeli hustaafu pale tu fremu inapokatika, na hata hapo huitwa fundi kwanza.

Kwaya yetu ilichangia kinanda kwa mandazi, sadaka maalumu na ahadi za watu wenye aibu ya kukataa. Tulipokaribia, ikafika Novemba 2023: kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na kinanda kikatuponyoka usiku mmoja. Tukaongeza mandazi.

Hatimaye mimi na kijana wetu mpiga kinanda tukapanda minibasi, tukapita Lumbadzi tumebanana, tukaingia Lilongwe. Katika duka moja la Old Town muuzaji akafungua boksi: vitufe 61, tundu la flashi na, chini yake, nafasi ya betri. Mama mweka hazina alikuwa ametuagiza kuuliza hilo tu, maana umeme wa kambini hupenda kuondoka katikati ya pambio.

Jumapili kijana akachomeka flashi yake ya staili za seben, alizokusanya kwa marafiki wa Bukavu na Nairobi. Kinanda kikazisoma vizuri. Tatizo ni kwamba zilitengenezewa modeli ya zamani, na kila modeli hupanga sauti zake kivyake. Palipotakiwa ngoma ikalia kengele. Palipotakiwa kayamba ikalia filimbi ya refa. Kwaya ilikuwa imeshaanza kucheza, haikuweza kurudi nyuma. Mchungaji akasema "Amina!" akidhani ndio mtindo wa mjini.

Tungali tunarekebisha kengele hizo, kijana akaniletea simu yake.

"Papa, kimetoka kingine."

Kingine hicho kilikuwa na skrini ya kugusa, sauti nyingi zaidi, na adapta ya volti 16 wakati yetu ni ya 12. Nafasi ya betri hakina. Nikampigia muuzaji. "Pepani, achimwene," akanipa pole kwa sauti ya msibani, kisha akanitajia bei, na hapo msiba ukawa wangu. Tangu siku hiyo kinanda chetu hakijapoteza sauti hata moja. Kilichoharibika ni uso wa anayekipiga.

Kinachoniudhi ni kwamba wenye viwanda wakitaka kuelewana, wanaelewana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, kinanda cha Sequential cha Marekani kiliunganishwa kwa waya na cha Roland cha Japani. Kimoja kikapigwa, kingine kikaitika. Ndiyo MIDI hiyo, na mpaka leo kinanda cha miaka ile kinaweza kuzungumza na kilichotoka juzi. Washindani waliweza kukubaliana juu ya waya mmoja, lakini ndugu wa tumbo moja wanashindwa kuazimana adapta!

Na kama matoleo mapya ni rahisi hivyo, mbona hayapiti huku kwetu? Dzaleka ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda, kwa makadirio ya watu kama 10,000. Sasa tumezidi 50,000, na hakuna aliyetutangazia toleo la pili, lenye skrini au lisilo na skrini.

Kamati ya kwaya ikakaa. Kijana akaeleza kwa unyenyekevu kwamba kinanda chetu kimepitwa na wakati. Mama mweka hazina akamsikiliza mpaka mwisho, akainua Biblia yake.

"Mwanangu, hii ni Union Version ya mwaka 1952. Mashetani bado yanaikimbia."

"Lakini mama, siku hizi hata hiyo ipo kwenye simu."

"Vizuri. Simu ikizima chaji, njoo ukae karibu yangu."