Namna ya Kushinda Sataranji Mutanga Nord Bila Kufikiri

Kwanza jipatie kitabu. Si lazima kiwe cha karatasi. Programu za sataranji kwa miaka mingi zimetembea na kitabu cha ufunguzi, yaani ghala la hatua za mwanzo zilizokwisha kuchezwa na mabingwa. Mashine huzichota papo hapo bila kupiga hesabu yoyote, hadi ghala liishe. Nawe fanya hivyohivyo. Video za Kifaransa zimejaa kwenye simu, na mwanafunzi wa kampasi ya Mutanga hakosi muda, hasa mitihani ikikaribia.

Chagua ufunguzi wa kutisha. Wa Kiitalia kila mtoto anaujua. Afadhali ule wa Sicilia, tena wa Najdorf. Ukilitaja jina hilo, kohoa kidogo.

Jioni nenda kabareni, ukae panapoonekana. Askari akikosekana, weka kizibo cha Primus mahali pake. Hatua kumi za mwanzo zicheze harakaharaka, macho yakiwa kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kana kwamba ubao unakuchosha.

Akitokea wa kusema huo ni ujanja wa kukariri, mtajie kompyuta ya Deep Blue. Tarehe 11 Mei 1997, New York, mchezo wa sita na wa mwisho: Kasparov alicheza Caro-Kann, na kwenye hatua ya saba akasogeza askari h6 kumfukuza farasi. Kompyuta za siku zile zilipenda mali. Ilitazamiwa farasi arudi nyuma. Hakurudi. Alijitosa e6, akala askari, akajitoa kafara. Watu wakaona ushujaa wa chuma, kumbe hatua ile ilikuwa imeshawekwa kitabuni na timu ya IBM, yenye magrandmasta kama Joel Benjamin na Miguel Illescas. Kufika hatua ya 19 Kasparov alikuwa ameshasalimu amri. Bingwa wa dunia kapigwa na daftari, sembuse jirani yako?

Programu ya AlphaZero usiitaje. Hiyo mwaka 2017 ilipewa sheria tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe bila kitabu, kisha katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ikashinda 28 na kutoka sare 72. Watetezi wa Stockfish walilalamika kwamba mashine yao ilinyimwa kitabu chake. Malalamiko hayo yakariri pia, utayahitaji.

Utayahitaji kwa sababu yupo mzee mmoja mstaafu, kofia kichwani, ambaye hajawahi kusikia habari za Najdorf. Yeye hufungua kwa askari wa pembeni kabisa, hatua moja tu, a3, kisha anatafuna mshikaki wake taratibu. Kitabu chako kimeishia hapo.

"Mwanangu, mbona kimya? Cheza."

Shika farasi, umrudishe, uguse ngome, uulize kama mechi ya mpira imeanza. Na mzee akikualika kwenye mchezo wa Fischer, ule aliouzindua mwaka 1996, ambao kete za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu katika mipangilio 960, kataa kwa heshima: mwambie nyumbani kwenu kamari ni haramu.

"Haya, basi tupange za kawaida," atakujibu, huku akikugeuzia nyeusi. "Nianze mimi tena?"

Hapo ndipo simu yako inapolia. Ni mama, na ni haraka sana.