Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa ICCN, taasisi ya uhifadhi wa asili ya Kongo: tunaomba mlango wa Itebero

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, mzee wetu,

Mimi ni mzaliwa wa Masisi, niliyeoa Walikale na kubaki huko. Najua meza yako imejaa mambo mazito kuliko barua hii, na nakuomba radhi kwa kuuchukua muda wako. Ila jambo lenyewe limenikaa moyoni: kwa idhini yako, tunaomba kuingia katika parki yetu mchana, kwa mlango, kama wageni wake.

Naizungumzia Kahuzi-Biega, upande wake wa bondeni. Wewe unalijua hili kuliko mimi: ilipoanzishwa mwaka 1970 ilikuwa na hekta 60,000 za milimani, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000, ikashuka mpaka misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Sehemu iliyo kubwa kupita zote iko huku chini. Lakini mgeni anayetaka kuwaona ngagi, yaani gorila, amekuwa akipelekwa Tshivanga, Kivu ya Kusini. Mtoto wa Walikale amezaliwa ukingoni mwa parki ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, naye anaijua kama mahali pa kukamatwa.

Nasi tunaupenda msitu huu mwaka mzima, Mheshimiwa. Mvua zinaporudi mwezi wa tisa, huko juu mianzi huchipua na ngagi huifuata. Wa kwetu bondeni hufuata matunda. Mzee mmoja wa Kitwa alinionyesha kiota cha ngagi kando ya njia: mashina laini yamekunjwa kuelekea katikati, moja juu ya jingine, kingo zimeinuka, na pembeni kinyesi kimejaa mbegu. Alizichambua kwa kijiti bila haraka, kisha akaniambia ni mti gani umezaa na uko ng'ambo ya kijito kipi. Sijawahi kukaa mbele ya mwalimu aliyenifundisha mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Uyoga nao una wakati wake, viwavi wana wakati wao. Jua likishika kati ya mwezi wa sita na wa nane, maji hupungua, na huko nje ya mipaka ya parki wanawake huziba vijito na kuchota samaki kwa vikapu. Sisi tuliotoka Masisi, tuliozoea vilima vya malisho na upepo mkali, huchukua muda kuzoea joto na giza la chini ya miti. Ukishazoea, hutaki kuondoka.

Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale, wengi walikimbilia msituni na watoto mgongoni. Msitu uliwapokea. Ndiyo maana inatuuma kwamba njia zilizobaki za kuingia humo ni mbili tu, kwa kukimbia au kwa kuiba.

Hatusemi haya kwa kuwadharau walinzi wako. Wengi wamekufa kazini, na tunawaheshimu. Lakini Maheshe, yule ngagi mkubwa aliyejulikana hata kwenye noti ya zaire 50,000, aliuawa na majangili mwaka 1993 katika upande ule ule wa wageni na doria. Kwa maoni yangu, na unisahihishe nikikosea, bunduki peke yake haimalizi kazi hii. Anayeufurahia msitu na watoto wake Jumapili atakuwa wa kwanza kuja kukuambia ameona mtego.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunaomba hivi. Usalama ukirudi, na wewe ndiwe utakayepima ni lini, ifunguliwe njia moja ya kutembea nusu siku kutoka kituo cha parki cha Itebero, huku Walikale. Wenyeji walipe bei ndogo, kwa faranga za Kongo, na wanafunzi waingie na walimu wao bila malipo. Viongozi wa njia watoke vijijini humu humu, na Watwa watangulie. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, iliona kwamba haki za Watwa zilivunjwa walipoondolewa katika ardhi yao ndani ya parki hii. Mzee yule wa kiota hapaswi kuomba ruhusa ya kufundisha anachokijua, anapaswa kulipwa.

Njia yenyewe isibaki ya kiangazi tu. Palipo na matope patandikwe magogo, vijito viwekewe madaraja ya miti, ili mtu aweze kuja hata mwezi wa kumi na moja. Kazi hiyo vijana wetu wataifanya. Tunachosubiri ni barua yenye sahihi yako.

Mungu akulinde na kukuzidishia afya.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Masisi, mkaaji wa Walikale