Turubai Njia ya Koboko

Arua, mwenye gari lisilo na paa la bati huulizwa swali moja hata kabla ya salamu: "Lilipindukia wapi?" Watu wanaamini kwamba gari la namna hiyo lilibiringika mahali, pengine kabla ya daraja la Pakwach, likapoteza kichwa, na mwenyewe kwa kukosa pesa akalifunika kitambaa. Ukiwaambia kwamba lilitoka kiwandani hivyo hivyo, kwamba Wajapani wazima na akili zao waliketi wakapanga kuuza gari la kufunuliwa, wanakutazama kwa huruma wanayopewa watu waliotapeliwa.

Langu ni Eunos Roadster, kigari cha viti viwili ambacho nje ya Japani kinajulikana kama Mazda MX-5. Magari hayo yalianza kuuzwa mwaka 1989, na mwaka 2016 kiwanda kilitimiza la milioni moja. Katika milioni hiyo, moja lilimwangukia shemeji yangu kule Kampala, kabla sheria ya mwaka 2018 haijapiga marufuku kuingiza nchini magari yenye miaka 15 na zaidi. Alipopata mtoto wa pili alihesabu viti upya, na hapo ndipo mapenzi yake kwangu yalipoongezeka ghafla. Gari likaletwa kwetu, huku West Nile.

Sasa, West Nile si mahali pa kufunua paa. Kuanzia Aprili hadi Novemba mvua inanyesha. Kuanzia Desemba hadi Machi ni vumbi na jua la kukaanga. Wakati mzuri wa kuendesha gari wazi upo, sikatai, lakini huwa ni saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo anayekuona barabarani ukiwa wazi kichwa kizima anajifunga ndani na kuomba dua.

Paa lenyewe limetengenezwa kama mwavuli uliolazwa ubavu: mbavu za chuma zinazopita kutoka mlango hadi mlango, mikono miwili ya kukunja kila upande, ribiti kwenye viungo, na turubai la plastiki lililotandazwa juu. Mbele kuna makomeo mawili yanayong'ata fremu ya kioo. Nyuma kuna dirisha la plastiki ambalo lazima ulifungue zipu kabla ya kukunja, la sivyo linapasuka. Pembezoni umepita waya mwembamba wa kuvuta kitambaa kisipepee. Na nyuma ya viti kuna matundu mawili ya kutolea maji, ambayo katika mji wenye miembe kama Arua huziba kwa majani hadi gari linaanza kufuga chura. Sitanii kuhusu chura.

Ugonjwa ulianza upande wa kulia. Komeo la kushoto lilifunga vizuri. La kulia likabaki nyuma kwa upana wa kidole. Ukilivuta, chuma kinalia. Ukilivuta zaidi, kiungo kilicho juu ya mlango kinapinda kidogo. Kila aliyewahi kulifunga gari hili tangu Japani alikuwa amelivuta zaidi, na siku moja, mvua ikiwa imeshafika mtaa wa pili, ribiti ikaruka, ikagonga kioo, na mkono wa kulia wa fremu ukaning'inia.

Kuharibikiwa na gari Arua si jambo la faragha. Kabla sijashuka, bodaboda wa stendi ya karibu walishafungua kikao. Mmoja alisema ni betri. Mwingine, aliyewahi kufika Nairobi na hivyo kupewa nafasi ya kuzungumza kwa kirefu, alisema magari haya paa lake linaendeshwa na kompyuta. Nilimwonyesha kwamba hapana waya hata mmoja wa umeme humo, kila kitu kinasukumwa kwa mkono. Akatikisa kichwa: "Ndiyo maana. Waliiba kompyuta." Mzee mmoja aliyekuwa amejikinga mvua kwenye baraza la duka alisubiri vijana wamalize. "Hata Amin alipenda jeep ya wazi," akasema, "na Koboko kwao mvua inanyesha hivi hivi. Lakini yeye alikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli." Baraza zima likanigeukia kuona kama nami nina mtu.

Fundi wa kwanza alikuwa wa kuchomelea, kijana hodari wa milango ya chuma na mageti. Alikitazama kiungo kwa sekunde mbili, akavaa miwani ya jua, akawasha mashine. Hakuuliza kile kiungo kilikuwa kikifanya kazi gani. Mtu wa mageti anajua jambo moja tu kuhusu vyuma viwili vilivyoachana: vinataka kuwa kimoja. Alivichomelea kwa moyo, akaongeza kipande cha nondo kwa usalama, akagonga kwa nyundo kunionyesha. "Mzee, hii hata vita ikija haitoki."

Alisema kweli. Tatizo ni kwamba alikuwa amechomelea paa likiwa limenyanyuliwa nusu, ili apate nafasi ya kuingiza mkono. Halikwenda mbele kufunga wala halikurudi nyuma kulala. Lilisimama juu ya vichwa vya abiria likiwa wazi mbele, tayari kukusanya upepo, mvua na nzi wa wilaya nzima. Nilipomwambia, alilizunguka gari polepole, akakubali kwamba ni kweli halifungi, lakini akanikumbusha kwamba mimi nilileta chuma kilichovunjika na sasa hakijavunjika.

Ushauri wa kwenda Koboko ulitoka kwa dereva wa lori. Huko, alisema, wako mafundi cherehani wanaoshona maturubai ya malori tangu enzi ambazo mizigo ya Juba ilipita Oraba na Kaya, kabla ya barabara ya Nimule kwenda Juba kumalizika kuwekwa lami mwaka 2012 na malori mengi kuhamia upande ule. Mizigo ilihama, cherehani zikabaki.

Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 za lami, ukipitia Maracha, na mtu mwenye gari la kawaida anafika kabla redio haijamaliza matangazo ya vifo. Mimi nilikuwa na tanga. Kila nilipokanyaga mafuta, upepo uliingia chini ya turubai na kunishika shingo kwa nyuma. Baiskeli zilizobeba mihogo zilinipita mlimani, na waendeshaji wake walinisalimia kwa adabu, "Mi ngoni?", bila kuhema. Kwenye kizuizi askari alinisimamisha, akalitazama lile paa lililoinuka, akauliza kwa nini gari langu limenyoosha mkono. Nikamwambia lina swali. Alicheka, jambo ambalo lilipunguza sana muda wa ukaguzi.

Hajati aliyenipokea Koboko ana cherehani ya chuma ambayo ingeweza kushona ngozi ya kiboko. Hakugusa fremu. Alichukua uzi, akanishikisha ncha moja kwenye kona ya mbele kushoto, akaenda nao hadi bawaba ya nyuma kulia, akafunga fundo. Kisha akapima kinyume chake: kona ya kulia hadi bawaba ya kushoto. Fundo likapita. Alifikicha turubai kwa kidole gumba, likatoa mlio wa karatasi kavu.

"Mwanangu, nani alikwambia chuma ndicho kigonjwa?"

Nikamtajia kikao cha bodaboda, fundi wa mageti na kompyuta iliyoibwa.

"Nguo imesinyaa," akasema. "Plastiki ikikaa juani miaka yote hii inakauka mafuta yake, inakuwa ngumu, inabana. Hapa kulia imebana zaidi, nadhani gari hulala jua likilipiga upande huu. Wewe unavuta komeo, nguo inavuta nyuma, chuma kiko katikati. Chuma kitafanya nini? Kinavunjika. Ungekichomelea tena kingevunjika pengine."

Nimesikia maelezo mengi ya kitaalamu maishani, na mengi yalihitaji mtu wa kuyaeleza tena. Haya niliyaelewa papo hapo, na fundi wa baiskeli jirani yake alishaanza kutafuta grenda bila kuagizwa.

Umeme ulikatika, bila shaka, grenda ikiwa katikati ya ile kazi ya moyo ya Arua. Tuliendelea kwa msumeno wa mkono, tukibadilishana, mimi nikimlaani kimoyomoyo kijana aliyesema hata vita haitaitoa. Chini ya nondo kiungo cha zamani kilikuwa bado kipo. Fundi alikitoboa upya, akaweka bolti yenye nati ya kujikaza pamoja na washa mbili na grisi, akaifunga kwa kipimo ambacho mikono yake tu inakijua: imara, lakini mkono wa fremu ukaanguka wenyewe ulipoachiliwa. Waya wa pembeni, uliokuwa umekatika, aliufidia kwa waya wa breki ya baiskeli. Chura alihamishwa.

Hajati naye alifumua turubai la zamani, akalilaza kama ruwaza, akakata jipya akiacha ukingo mpana kuliko lile la kiwandani, kwa sababu, alisema, kila nguo ina haki ya kusinyaa kidogo. Dirisha la nyuma alilirudisha na zipu yake. Tulifunga makomeo yote mawili kwa kidole kimoja. Tukabana karatasi kati ya kioo cha mlango na mpira, tukaivuta, haikutoka. Watoto wakaruhusiwa kumwaga maji juu ya paa kwa ndoo, kazi waliyoifanya kwa uaminifu mkubwa hata baada ya kuambiwa inatosha.

Lilibaki jambo la kitambaa. Turubai imara alilokuwa nalo lilitoka kwenye lori la zamani, la kijani, lenye maandishi ya rangi nyeupe ya kampuni ambayo haipo tena. Hajati alijitahidi kuyakwepa, lakini gari likifungwa neno moja lilibaki zima, juu kabisa, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: JUBA.

Nilikuwa sijatoka sokoni mwanamke mwenye mzigo alipogonga kioo na kuuliza nauli. Nikamweleza kwamba mimi narudi Arua, kwamba hili si gari la abiria, na kwamba ndani, kama anavyoona, pana viti viwili tu. Akachungulia, akahesabu, akaridhika.

"Basi tunatosha," akasema. "Niko peke yangu. Na huyu mbuzi."