Sehemu ya 32 Iko Wapi?

Nina wadeni wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliochukua ndengu na mbaazi dukani kwangu hapa Kalundu, mjini Kitui, wakaahidi kulipa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi gani. Hao sina neno nao sana. Nikiwakosa sokoni nitawakuta matangani. Wa pili ni waandishi wa simulizi za mtandaoni, na hao ndio watakaonitoa roho. Wako Dar, wako Mwanza, wengine hawasemi walipo, na kila mmoja ninamdai sehemu inayofuata.

Kama hujui simulizi hizi zinavyouzwa, nakuonea wivu. Mwandishi huweka sehemu ya 1 Facebook, bure. Binti ametoka kijijini na begi moja, anatafuta kazi ya ndani. Unasoma umesimama, mteja anagonga kaunta kwa gorogoro. Ya 2 bure, ya 3 bure, mpaka ya 10. Ya 11, binti anasukuma mlango wa kile chumba alichokatazwa na bosi, anachungulia, anapiga yowe, na papo hapo zinakuja herufi kubwa: ITAENDELEA. Chini yake kuna masharti: like zikifika 500 ndipo inayofuata iachiliwe. Mimi nina kidole kimoja na akaunti moja, hizo 499 nizitoe wapi? Wasomaji nao wanajazana pale chini. "Next." "Wa kwanza leo." "Nitag." "Admin unatutesa." Admin mwenyewe amelala.

Ukishindwa kuvumilia, kuna njia ya mkato. Mfuate WhatsApp, "full ni elfu moja tu". Elfu moja ya Tanzania, ambayo kwa pesa zetu inakaribia shilingi 50, na hapo ndipo ujanja ulipo, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeweza kusimama mbele ya watu akasema hana hamsini. Unatuma. Unaletewa full. Unakesha nayo hadi majogoo, na mwisho kabisa wa full unakuta imeandikwa: mwisho wa msimu wa kwanza.

Kichwa changu kilipozidiwa na hesabu ya nani ameishia wapi, nilianza kuandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba mama watoto hupitia daftari lile kila Jumamosi kufunga hesabu, na Jumamosi moja akalifungua kwa nyuma. Akakuta nimeandika hivi, kwa mwandiko wangu ninaojivunia:

Mjane, 41, Ijumaa usiku.
Binti wa bosi, 11, kimya tangu Pasaka.
Pacha, 18B, kulipa kwanza.
Mganga, 31. Ya 32 haipo.

"Mzee," akaniita kwa upole usio wa kawaida, "huyu mjane wa Ijumaa usiku anadaiwa nini?"

"Hadaiwi kitu. Mimi ndiye ninayemngoja."

Akanyamaza kidogo. "Na pacha? Kulipa kwanza?"

Ilibidi nitoe simu na kumfungulia ushahidi wote mezani. Sehemu ya 1 ya Mjane aliisoma amesimama, mkono kiunoni. Ya 2 aliisoma ameketi juu ya gunia la kunde. Jioni ile ugali nilisonga mimi. Sasa naye ana safu yake daftarini, kwa kalamu nyekundu, na kila anaponipita hunitazama kwa huruma, hasemi neno, anatikisa kichwa tu. Hakuna adhabu mbaya kuliko kuishi nyumba moja na mtu aliyefika 44 nawe uko 41.

Lakini turudi kwa hiyo ya 32, maana inaniuma. Sehemu ya 31, mganga ananyoosha mkono kuchukua chungu. Sehemu ya 33, mganga amezikwa na chungu kiko Nairobi. Katikati hapo palitokea nini? Nimeuliza. Mmoja akanijibu, "Rudi nyuma ipo." Nikarudi nyuma mpaka picha za harusi ya mwandishi, haipo. Mwingine akasema, "Njoo inbox," nikaenda inbox, akanitumia sehemu ya 32 ya simulizi nyingine kabisa. Nikaisoma yote nikiamini chungu kitatokea mbele. Hakikutokea, lakini ikaninogea, na sasa hiyo nayo iko daftarini.

Na tafadhali msinicheke kwamba mtu wa Kitui anasoma habari za waganga. Najua nchi nzima inavyotusingizia. Nairobi ukimkopesha mtu, kisha ukataja kwa sauti ndogo kwamba kwenu ni Kitui, unalipwa kabla jua halijatua. (Bahati mbaya wadeni wangu nao ni wa Kitui.) Basi mimi huyo, ninayeogopwa kutoka Athi River hadi Kisumu, ndiye ninayelala taa ikiwaka kwa ajili ya majini ya Tanga yaliyotungwa na kijana ambaye pengine anaogopa mende.

Waandishi wenyewe kila mmoja ana kalenda yake. Mmoja huandika kila siku, ila mistari kumi, na minne kati yake ni kukumbusha ya jana. Kuna anayefunga simulizi yote mwezi wa Ramadhani kwa sababu ina mapenzi mengi, jambo ninaloliheshimu, ila Idi ikifika hurudi na simulizi mpya, ile ya zamani akaiacha na watu wake katikati ya mto. Wa Pacha umeme hukatika kwake tu. Dar na Kitui tunatumia saa moja, kwa hivyo hawezi kunidanganya kwamba kwao bado hakujakucha.

Halafu kuna wezi. Hawa huchukua simulizi ya mtu, wakabadilisha jina na picha ya juu, wakaanza upya kutoka 1. Unasoma wiki mbili ukijiuliza mbona unajua kitakachotokea, ukidhani Mungu amekupa karama. Yupo mmoja aliyegeuza daktari kuwa rubani, lakini akachoka njiani asimalizie kazi. Shujaa akapaa na ndege asubuhi na saa sita mchana yuko angani anampasua mtu kidole tumbo.

Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne ananiambia napenda shida. "Mjomba, bonyeza kengele tu, simu itakwambia yenyewe." Nikabonyeza. Tangu hapo simu haijalala: ploti zinauzwa Joska, dawa ya vidonda vya tumbo, leo ni siku ya kuzaliwa ya mtu niliyesoma naye darasa la nne. Kengele ilifanya kazi yake barabara siku moja tu, na ilikuwa Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo. Simu ikawaka juu ya Biblia: MJANE 42. Alipofungua mlango wa chumba cha kulala…

Mzee wa kanisa aliyeketi kando yangu aliona. Nikaanza kutunga utetezi. Baada ya ibada akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya tangi la maji, akatazama huku, akatazama kule.

"Hiyo ni ya 42?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi niko 39. Usithubutu kuniambia."

Akafungua kitabu cha nyimbo akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Orodha yake ni ndefu kuliko yangu. Na ya Mganga anayo, na ya 32 pia hana.

Kungoja si kitu kigeni kwetu. Bwawa la Thwake limekuwa likijengwa tangu 2018 pale tunapopakana na Makueni, na kila mkubwa anayefika kulikagua huja na tarehe mpya, nasi tunapiga makofi. Tena hadithi za vipande hazikuanza na simu. Charles Dickens alianza kutoa Pickwick Papers mwaka 1836, kila mwezi kijitabu kimoja, shilingi moja. Mwaka 1837 aliruka mwezi, kwa sababu shemeji yake kipenzi alifariki ghafla. Wa Pacha hadi sasa amemzika bibi yake mara tatu. Hata Tanzania, Eric Shigongo alipokuwa akitoa hadithi zake kipande kipande kwenye magazeti pendwa, gazeti lilikuwa na siku yake, na muuza magazeti alikuwa na kona yake. Ulijua pa kwenda kugomba.

Ila ninayemkumbuka zaidi ni mtu wetu, David Maillu wa Kilungu, kule Makueni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifungua kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vijitabu vya kutia mfukoni: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Walimu wakavisema na wazazi wakavificha, nao watoto wakavifichua. Unalipa mara moja, na mwisho umo ndani, umegandishwa kwa gundi. Tanzania ikavipiga marufuku kwa kukosa adabu. Leo tazama nani anamletea nani simulizi za wakubwa mpaka ndani ya kitabu cha nyimbo! Mwaka 1991 Maillu akatoa Broken Drum, zaidi ya kurasa 1,000 kwa mkupuo. Lau angeiweka Facebook, wajukuu zangu wangekuwa wangali wanaandika "next".

Safari nazo zina mateso yake. Msimu wa ndengu mimi hushuka Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi kutafuta magunia. Zamani barabara ile ilikuwa vumbi tupu, sasa ni lami safi, lakini lami ilifika ikauacha mtandao nyuma. Juzi nimo kwenye matatu ya kurudi, mjane ameshika kisu, shemeji yake anapanda ngazi, tukateremka kwenye bonde na ukurasa ukagoma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Amemchoma?" akauliza mama niliyeketi naye, mwenye kuku wawili mapajani. Kumbe alikuwa akisoma nami tangu Kibwezi.

"Bado, mama. Mtandao umepotea."

"Inua simu dirishani, mwanangu."

Nikainua. Makanga akadhani nataka kushuka, akagonga bodi, gari likasimama porini. Mama akamwambia aondoe gari, hapa kuna mtu anataka kuuawa. Abiria wote wakageuka. Mtandao ulirudi Mutomo, mama akiwa tayari amepitiliza stendi yake, na ukurasa ulipofunguka ulikuwa na mstari mmoja na ITAENDELEA. Alinitazama utadhani mwandishi ni mimi. Hata kuku walinitazama.

Siku hiyo nikakata shauri, nikamwandikia mwandishi wa Mjane moja kwa moja. Namba yake anayo kila mtu, si ndiyo ya kutumia pesa. Nikamweleza umri wangu, biashara yangu, na kwamba mzee wa kanisa halali. Nikamuuliza aniambie tu, siri yetu wawili, nani alimuua mume wa yule mjane.

Akanijibu kwa sauti, kijana mwenye heshima sana. "Shikamoo mzee wangu. Aisee, hapo hata mimi nimekwama. Kwani wewe unaonaje?"

Nikaketi juu ya gunia. Muda wote huo nilidhani ananificha! Kumbe kijana anaandika usiku kwa simu, akitoka zamu, na kesho ya hadithi haijui zaidi yangu. Hizo siku za kimya si mbinu, anatafuta pa kupitia.

Basi nikampa pa kupitia. Nikamwambia muuaji awe mtu ambaye hakuna atakayemshuku. Mfanyabiashara wa nafaka, kwa mfano. Mtu mzima, mcha Mungu, mwenye kipara kidogo, anayetoka Kenya. Akasema, "Mzee, hilo wazo ni moto."

Ijumaa, sehemu ya 46, mfanyabiashara wa nafaka akaingia na magunia yake ya ndengu. Nilimwonyesha mama watoto, nikampigia mzee wa kanisa. Kisha nikashuka chini kusoma maoni. "Huyu kipara katokea wapi?" "Admin umechoka, pumzika." "Simulizi ilikuwa nzuri mpaka ndengu." "Huyo Mkenya muue." Hiyo ya mwisho ilipata like nyingi kuliko simulizi yenyewe.

Na mwandishi wangu ni mtu anayesikiliza wasomaji. Ya 47 inaanza na mjane akimkaribisha mfanyabiashara kwa chai. Anakoroga sukari, anakoroga na kitu kingine kutoka kwenye kikaratasi. Mfanyabiashara anapuliza kikombe, anainua, ITAENDELEA. Iliyobaki iko WhatsApp, elfu moja tu.

Kwa hiyo ili nijue nilikufaje, natakiwa nilipe. Nimetuma.