Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, kuhusu vipimo vya kifua

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya kukuomba radhi mara mbili, kwanza kwa kukuandikia na pili kwa kuchelewa kukuandikia, mimi fundi cherehani wa Gare, wilayani Lushoto, naomba unipe dakika chache za muda wako, ambao natambua kuwa ni mali ya taifa. Cheo sina. Nina futi tu shingoni.

Jambo lenyewe ni fulana za kuzuia risasi za askari wetu wa uhifadhi. Sithubutu kusema kwamba hazipo au hazitoshi. Sijafungua stoo ya mtu. Ombi langu ni dogo: siku zabuni ya mabamba yanayowekwa ndani ya fulana hizo itakapofika mezani kwako, kalamu yako tukufu isubiri kidogo, kwanza aulizwe atakayeyavaa. Anatazamia kupigwa na nini, na kutoka upande gani?

Najua kwamba TANAPA, Ngorongoro, TAWA na TFS sasa ni Jeshi moja la Uhifadhi, na jeshi hupendeza likivaa sare. Lakini ukisimama Mtae, kule ukingoni mwa Usambara, utaona kazi yangu ilivyo ngumu. Mgongoni kwako ni milima na misitu. Chini yako Hifadhi ya Mkomazi imetandaa kuelekea Tsavo ya Kenya. Askari wa msitu wa Magamba humkuta mpasua mbao mwenye panga na msumeno. Askari wa Mkomazi, anayelinda faru weusi, anaweza kukutana na gobole, hata SMG, yaani AK-47. Hao ni wateja wawili, Mheshimiwa. Fulana laini inayozuia risasi ya bastola huweza kupenywa na ncha ya kisu, kwa kuwa kisu hutafuta njia katikati ya nyuzi. Anayekabili visu hushonewa ya visu.

Na yuko mteja wa tatu. Januari 2016, katika Pori la Akiba Maswa, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa na majangili waliofyatua risasi kutoka ardhini. Risasi ilipita kwenye sakafu ya helikopta. Fulana nzuri kuliko zote duniani isingekuwa na la kufanya hapo. Bamba la rubani ni lile analolikalia.

Sasa kuhusu wauzaji, ambao bila shaka ni watu waungwana. Watakuja na neno “daraja la III”. Kipimo kinachofuatwa sana ni cha taasisi ya Kimarekani iitwayo NIJ. Kwa kipimo chao cha 2008, IIIA ni ya bastola, III ni ya risasi ya bunduki ya milimita 7.62 ya NATO, na IV ni ya risasi ya kutoboa chuma. Risasi ya SMG, iliyojaa ukanda wetu wote kuanzia Kongo hadi Somalia, haikuwamo katika mtihani huo. Imeingizwa kwenye kipimo kipya cha 2023, daraja la RF1. Kwa hiyo bamba linaweza kuwa na cheti halali cha III na likawa halijawahi kuulizwa swali litakaloulizwa huku kwetu. Yale ya polithilini hasa, mepesi ya kupendeza, mengine hushindwa na risasi yenye kiini cha chuma. Naomba cheti kiitaje risasi hiyo kwa jina.

Tena cheti peke yake kisitutoshe. Mwaka 1905 wazee wetu wa Kusini walikwenda vitani na maji ya Kinjikitile, wakiamini yatawakinga na risasi, na siwacheki hata kidogo. Hawakuwa na pa kuyajaribia. Sisi tunapo. Katika kila shehena litolewe bamba moja, lipigwe risasi mbele ya kamati yako ya manunuzi, na muuzaji akiwapo.

Najua kuna atakayekushauri ununue daraja la IV kwa wote, yaishe. Bamba moja la kauri la daraja hilo hukaribia kilo 3 au kuzidi, na askari huvaa mawili, mbele na nyuma, kabla hajabeba bunduki, maji na chakula. Kwenye miinuko yetu atalivaa siku ya gwaride na kuliacha kambini siku ya doria. La chuma ni la bei nafuu na halichakai upesi, ila ni zito, na risasi ikiligonga hupasuka vipande vinavyorukia kidevu na mikono, kama halikupakwa utando mnene wa kuvinasa.

Hapa sasa naingia katika fani yangu, na unyenyekevu utanipungua kidogo. Bamba hulinda moyo, mapafu na mishipa mikubwa. Juu lianzie pale mifupa ya mtulinga inapokutana, chini liishie kabla ya kitovu. Wengi hulivaa kama aproni ya mpishi, tumbo limekingwa na moyo uko wazi! Kubwa nalo si bora: likizidi upana wa kifua, askari hawezi kuweka kitako cha bunduki begani. Na askari wa kike asipewe bamba bapa la kaka yake. Kila mmoja apimwe, amesimama na amekaa.

Namalizia kwa mwaliko. Wewe na kamati yako ya manunuzi mvae mabamba mnayokusudia kuyanunua, mshuke gari Lushoto mjini, mje Gare kwa miguu. Chai ya maziwa itakuwa tayari, na atakayevua njiani hatutamtangaza.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,
Fundi cherehani, Gare

N.B. Mkiyaleta ya kauri, tafadhali dereva asiyarushe nyuma ya gari. Kauri ikidondoka huweza kupata ufa ndani na nje isionekane kitu, na kona za kutoka Mombo unazijua.