Fundichuma Anunua Utulivu

Hapo kale, lakini si kale sana, maana matrela yalikwisha kupanga foleni kutoka Malaba hadi Amagoro, palikuwa na mkuyu ulioinama juu ya Mto Malaba. Mizizi yake ilikuwa Kenya. Matawi mengine yalining'inia Uganda bila pasipoti. Juu ya mkuyu huo walikaa fundichuma wawili, Baba Nekesa na Mama Nekesa.

Anayemjua fundichuma anajua kwamba ndege huyu haridhiki na kiota cha kawaida. Hujenga jumba la vijiti maelfu, lenye paa juu na kizingiti cha tope mlangoni, na mtu mzima anaweza kusimama juu yake lisibonyee. Kisha hulipamba kwa kitambaa, mfupa, kipande cha nailoni, chochote alichookota. Nyumba ya Baba Nekesa ilikuwa imara. Kilichokosekana ni usingizi.

Kutwa nzima Baba Nekesa alibadilisha pesa mpakani, burungutu la Kenya bawa la kulia, la Uganda bawa la kushoto. Mama Nekesa aliuza omena wa Sio Port. Jioni kila mmoja alirudi na siku yake mdomoni.

"Leo umebadilisha kwa bei gani?"

"Na yule mdeni wako amelipa?"

Waliulizana mlangoni, wakaulizana tena kwenye chakula, na wakifika kitandani walianza upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Watoto walijifunza kula haraka na kunyamaza.

Ndipo Mama Nekesa alipofunga safari kwenda Busia kwa Kasuku, mtaalamu wa utulivu. Kasuku alijivunia usomi wake. Ukoo wake, alisema, ulikuwapo wakati waendesha baiskeli wa Busia walipobeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita "boda, boda!", na neno hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Hakusema kwamba kazi ya ukoo wake ilikuwa kulirudia tu.

"Mwalimu, nyumba yangu haina amani."

"Mama, nyumba haitulii, hutulizwa," Kasuku akajibu, akafungua stoo.

Akamtolea mto mweupe wa kuegemea. Akamtolea mshumaa wa manukato. Mwisho akaleta, kwa mabawa mawili kama anayebeba kichanga, jiwe la plastiki lenye taa ya buluu, ambalo ukiliwasha maji huzunguka ndani yake na kuteremka cho, cho, cho.

"Hii itakupa sauti ya mto."

Mama Nekesa, aliyeanguliwa juu ya mto, akalala juu ya mto na kuvua katika mto, akafumba macho akasikiliza. "Kumbe hiki ndicho nilichokosa," akasema. Akakopa kwenye chama.

Utulivu ukaingia nyumbani ukiwa na masharti. Mto ule mweupe ulikatazwa kuguswa na watoto, kwa hiyo ukawa mkazi pekee wa nyumba ile aliyepumzika. Mshumaa uliwashwa ndani ya jumba la vijiti vikavu, na Baba Nekesa akakesha akiulinda, wasije wakaungua huku wakitulia. Lile jiwe nalo lilikunywa betri kama wazee wa Kiteso wanavyokunywa ajono: mirija haitoki chunguni. Sasa pakawa na swali la tatu la jioni: nani atanunua betri, na kwa shilingi ya nchi gani?

Kasuku alipoulizwa, alitikisa kichwa kwa huruma. "Utulivu wenu ni mdogo. Ongezeni."

Asubuhi moja akatua Kongoti. Huyu alikuwa wakala wa forodha: kipara, koti jeusi, makaratasi kwapani. Hakuja kwa hekima. Alikuwa amenusa kwamba nyumba yenye vitu vingi hivyo karibu itatupa taka, na taka ndiyo riziki yake. Lakini alipokuwa akingoja, alisikia Mama Nekesa akimuuliza mumewe habari ya mkopo mara tatu kabla ya chai.

"Wanangu," akasema, "ninyi mnaishi kabla ya 2018."

"Kivipi, mzee?"

"Zamani lori lilikaguliwa na Kenya, likavuka, likakaguliwa tena na Uganda. Mzigo uleule, maswali yaleyale. Februari 2018 Kenyatta na Museveni wakafungua kituo cha pamoja pale Busia. Siku hizi anayetoka Kenya anapita moja kwa moja hadi upande wa Uganda. Maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, anasimama mara moja, anaenda zake. Foleni bado zipo, siwadanganyi. Lakini hapa kwenu shida moja ina vituo vitatu, na kitandani ndipo inapopigwa muhuri!"

"Sasa tufanyeje?"

"Hicho kizingiti cha tope mlikijenga cha nini? Kaeni hapo wote wawili kabla jua halijazama. Kila mmoja ataje mzigo wake mara moja. Wenye jibu upite. Usio na jibu ulale nje kwenye foleni kama trela. Kesho utakuwapo palepale, haujapotea."

Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na lile jiwe, mkilitupa, mlitupe upande wangu."

Jioni ya kwanza walikaa kizingitini wakioneana haya. Bei ya fedha ikatajwa, deni la omena likatajwa, mkopo wa chama ukaachwa nje. Wakaingia midomo mitupu. Usiku wa manane Mama Nekesa akanong'ona, "Baba Nekesa, umelala? Ule mkopo..."

"Mzigo huo umepitia wapi?"

Mama Nekesa akacheka gizani. "Njia ya panya."

"Basi urudi kwenye foleni."

Watoto wakasikia kicheko, wakasogea, mmoja akaulalia ule mto mweupe na asikemewe. Nje matrela yalinguruma kama kawaida. Halafu, katikati ya mngurumo huo, likasikika cho, cho, cho.

"Nani amenunua betri?" Baba Nekesa akauliza.

"Hakuna. Jiwe alikwisha kulichukua Kongoti."

Wakasikiliza tena. Ulikuwa mto, chini ya mkuyu, ukipita kati ya nchi mbili bila kuulizwa kitu.

Habari zikafika Busia. Haikupita wiki Kasuku akatua mlangoni na furushi la vizingiti vya plastiki, rangi tatu.

Baba Nekesa akamsimamisha. "Una mzigo gani?"

"Nimewaletea utulivu, mzee, wa kisasa."

"Huo haupiti hapa. Ushuru wake ulitushinda."

Kasuku akainama kwa adabu, akaaga. Kisha akazunguka nyuma ya kiota, akitafuta njia ya panya.