Namna ya Kuipigia Hodi Ruta

Ukurasa ukigoma kufunguka, kwanza tazama saa. Usiguse kivinjari, usiipige ruta kofi, usimpigie simu fundi. Tazama ile saa ndogo kwenye pembe ya kioo cha kompyuta, pamoja na tarehe iliyo chini yake. Ikisoma mwaka 2009, mgonjwa wako umeshampata.

Naanzia hapa kwa sababu ndipo zinapoanzia kesi nyingi ninazoletewa hapa Chake Chake. Kompyuta za skuli zimezeeka, na ile betri ya duara iliyokaa kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3, imekufa zamani. Umeme unaotujia kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010 ukikatika, mashine inasahau tarehe. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari kikitazama kalenda yake kinaona cheti hakijaanza kazi, basi kinafunga mlango. Kina haki.

Kuna na mtego wa saa ya Kiswahili. Mwalimu mmoja wa Wete alirekebisha tarehe vizuri kabisa, lakini kwa kuwa ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 2:00. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo akawa nyuma kwa saa sita, na mfumo wa skuli uliowekewa cheti kipya asubuhi ileile ukamgomea.

"Mwalimu, kwa kompyuta hiyo ni saa nane usiku."

"Mwanangu, huku jua limeshapanda!"

Akaandika 8:00, mlango ukafunguka.

Saa ikishatulia, chomeka kebo kwenye ruta ili ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Anwani yake imebandikwa tumboni mwake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike juu kabisa, kwenye mstari wa anwani, wala usiitafute Google. Google haiijui ruta yako. Anwani za namna hii zimetengwa kwa matumizi ya ndani, kama jina la utani lisilovuka kizingiti cha nyumba. Alama ya mwisho ni tarakimu 1, si herufi l. Hata bando likiwa limekwisha itafunguka, maana unazungumza na kifaa kilicho mezani kwako.

Sasa huenda likatokea onyo jekundu, na hapa nawaomba sana mnisikilize. Onyo huchambuliwa, kama tunavyotenga karafuu na makonyo. Ikiwa kebo ya ruta yako iko mkononi na anwani ni ileile ya tumboni, sababu inajulikana: kifaa kimejiandikia cheti chenyewe, bila shahidi. Pita. Onyo hilohilo likikutokea kwenye benki au mfumo wa mishahara, na saa yako ni sahihi, funga ukurasa. Nimewaona vijana wakizima maonyo yote ili kazi iende haraka, na inaniuma kila mara, kwa sababu mwizi wa neno la siri anasubiri hapo hapo.

Madirisha yanayochomoza na vidakuzi, viruhusu kwa anwani ya ruta tu. Ofisi ikipitia proksi, anwani za ndani zisipite huko.

Kifaa kikongwe kikidai Internet Explorer, jua kuwa Microsoft iliistaafisha 15 Juni 2022. Fungua Edge, ingia kwenye mipangilio, uiruhusu anwani hiyo moja ifunguke kwa hali ya Internet Explorer. Kikidai Flash, kivinjari hakina dawa tena. Tafuta programu mpya ya kifaa, au kifaa kipya.

Ukiingia kwa admin na admin, usitoke kabla ya kubadilisha neno la siri. Atakayekaa kibarazani na waifai yenu anaweza kuingia kwa njia hiyohiyo. Neno jipya liandikwe kwenye daftari, daftari lifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu.

Kisha nenda dukani kanunue ile betri.